Tumbo la Mashine na Swali la Mama

Tumbo la mashine ni chombo cha kumkuza mtoto nje ya mwili wa mama. Mtoto hukaa ndani ya maji yanayofanana na yale ya chupa ya uzazi, hapumui kwa mapafu, na hewa na chakula humfikia kwa njia ya kitovu kama ilivyokuwa tumboni. Kwa miaka mia moja chombo hiki kimekuwa mali ya watunzi wa riwaya. Sasa kimo maabara, na mtu anayezaliwa leo ana nafasi nzuri ya kukiona hospitalini kabla hajazeeka. Madaktari watajibu namna ya kukiendesha. Swali wasiloweza kulijibu peke yao ni hili: mtoto ambaye hakubebwa na mtu, mama yake ni nani? Na ndani ya swali hilo limejificha jingine: kubebwa mimba kunampa binadamu nini ambacho mashine, hata ikiwa kamili, haina cha kumpa?

Wazo lenyewe lina umri wa karne moja. Februari 1923 mwanabaiolojia wa Kiingereza J.B.S. Haldane alisoma mhadhara mjini Cambridge, ambao ulichapishwa baadaye kama kijitabu kiitwacho Daedalus. Humo alibuni kwamba mtoto wa kwanza kukuzwa nje ya tumbo angepatikana mwaka 1951, na kwamba katika vizazi vya mbele chini ya asilimia 30 ya watoto wa Uingereza wangezaliwa na mwanamke. Haldane aliisema kama habari njema. Mwaka 1932 Aldous Huxley aliichukua ndoto hiyo hiyo akaigeuza jinamizi. Katika riwaya yake Brave New World, watoto wa London hukuzwa kiwandani ndani ya chupa zinazosogezwa taratibu kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho, na neno "mama" limekuwa tusi ambalo watu waungwana huona haya kulitamka.

Msomaji wa Kiswahili huenda akasita kidogo kwenye neno chupa, kwani ndilo wakunga wanalolitumia: mjamzito akianza kumwaga maji, husemwa chupa imepasuka. Lugha yetu ilikwisha kumweka mtoto ndani ya chupa bila kumsubiri Huxley. Lakini chupa ya mkunga ni sehemu ya mwili wa mtu, na hupasuka pamoja na uchungu wa mtu. Ya Huxley huoshwa ikatumika tena.

Utabiri wa Haldane ulikosea mwaka, haukukosea njia. Tarehe 25 Julai 1978, mjini Oldham, Uingereza, alizaliwa Louise Brown, binadamu wa kwanza ambaye mimba yake ilitungwa maabara. Robert Edwards, mmoja wa waliofanikisha jambo hilo, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2010. Kiinitete cha Louise kilikaa nje siku chache tu, kisha kikatiwa tumboni kwa mama yake, akambeba mpaka mwisho. Siku hizo chache ndizo zilizofungua mlango. Mwaka 1984 kamati iliyoongozwa na mwanafalsafa Mary Warnock ilipendekeza kwamba kiinitete cha binadamu kisikuzwe maabara kupita siku 14, na pendekezo hilo likawa sheria ya Uingereza mwaka 1990. Kwa miaka mingi kanuni hiyo haikumbana mtu, maana hakuna aliyejua namna ya kufika huko. Mwaka 2016 maabara mbili, moja ya Cambridge na nyingine ya New York, zilifika hadi siku ya 13. Mwaka 2021 jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa seli shina iliondoa siku ya 14 katika orodha yake ya mambo yaliyokatazwa kabisa. Mwaka huo huo watafiti wa Taasisi ya Weizmann nchini Israel walieleza jinsi walivyokuza vijusi vya panya ndani ya chupa za kioo zinazozungushwa, mpaka siku ya 11 ya mimba ambayo kwa kawaida huchukua siku 20 hivi. Mioyo yao ilikuwa ikidunda.

Huo ni mwanzo wa mimba. Mwisho wake nao unasogezwa nyuma. Katika miaka ya 1990 Yoshinori Kuwabara wa Chuo Kikuu cha Juntendo, Tokyo, aliwatoa wana-mbuzi tumboni kabla ya wakati na kuwaweka hai ndani ya maji kwa muda uliofika wiki tatu. Aprili 2017 madaktari wa hospitali ya watoto ya Philadelphia, Marekani, wakatangaza hatua kubwa zaidi. Waliwachukua wana-kondoo wenye siku 105 hadi 120 za mimba, ilhali kondoo huzaa kwenye siku ya 147 hivi, wakamtia kila mmoja katika mfuko wa plastiki uliofungwa na kujazwa maji yenye chumvi zinazohitajika, yanayoingia safi na kutoka machafu muda wote. Kitovu kiliunganishwa na chombo kinachoitia damu oksijeni. Pampu haikuwekwa, kwa sababu pampu huuelemea moyo mchanga. Moyo wa mwana-kondoo mwenyewe ndio uliosukuma damu kwenda kwenye chombo na kurudi, kama unavyoisukuma kwenda kwenye kondo la nyuma. Baadhi yao waliishi humo wiki nne.

Plastiki hiyo ni angavu, kwa hiyo mnyama anaonekana mwili mzima. Mwanzoni ngozi yake ni ya waridi, tupu, imekunjamana, na macho yamefumba. Wiki zinavyopita sufu nyeupe inaota, macho yanafumbuka, anameza maji, anarusha miguu kama anayekimbia usingizini. Kwato zinaigusa plastiki, plastiki inatuna, kisha inarudi. Teke hilo hakuna aliyelisikia kwa ndani.

Waliotengeneza mfuko huo hawakuwa wakitafuta kiwanda cha Huxley. Walikuwa wakimtafutia nafasi mtoto njiti. Mtoto anayezaliwa katika wiki ya 23 ana mapafu ambayo bado hayajawa tayari kwa hewa, na mashine ya kupumulia inayomwokoa ndiyo hiyo hiyo inayoyaumiza. Kumrudisha ndani ya maji ni kuyapa mapafu hayo wiki chache za kukamilika. Uzito wa jambo hili unajulikana zaidi Afrika kuliko Philadelphia. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020 watoto milioni 13.4 hivi walizaliwa kabla ya wiki 37. Katika nchi maskini, zaidi ya asilimia 90 ya wanaozaliwa kabla ya wiki 28 hufa katika siku zao za kwanza. Katika nchi tajiri wanaokufa hawafiki asilimia 10. Septemba 2023 washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani walikutana siku mbili kujadili jinsi majaribio ya kwanza kwa binadamu yatakavyopaswa kufanywa. Hadi wakati huo hakuna mtoto wa mtu aliyekuwa amewekwa mfukoni.

Kwa hiyo mambo ni mawili, na watu wengi huyachanganya. Kuna mashine ya kumpokea mtoto ambaye mama amekwisha kumbeba miezi mitano na mwili wake haukuweza kuendelea. Na kuna mashine ya kuanza naye tangu kiinitete hadi mwisho, bila tumbo la mtu kuhusika hata siku moja. Ya kwanza iko karibu. Ya pili bado ina pengo la miezi, kati ya wiki ya pili na ya 22. Lakini pengo hilo linaliwa kutoka pande zote mbili, na haifai kungoja lizibike ndipo watu waanze kufikiri.

Hata ile mashine ya karibu ina fumbo lake. Je, mtoto aliye mfukoni amezaliwa? Ametoka tumboni, ana siku yake ya kutoka, na baba anaweza kusimama mbele yake akamtazama. Lakini hajavuta pumzi wala hajalia, kwa sababu mapafu yake yamejaa maji. Mwaka 2018 mwanasheria wa Uingereza Elizabeth Chloe Romanis alihoji kwamba kiumbe huyu si kijusi tena na si mtoto mchanga bado, na kwamba anahitaji jina la tatu. Kiswahili nacho hakina jina hilo. Kina kijusi, kina kichanga, kina njiti, na kati ya la kwanza na mengine mawili hakuna neno.

Katika fiqhi ya Kiislamu fumbo hili si la maneno matupu, kwani linagusa mazishi na mirathi. Mazhab ya Shafii, inayofuatwa katika pwani ya Afrika Mashariki, humtofautisha mtoto aliyetoka na dalili ya uhai na yule aliyetoka bila dalili. Wa kwanza huoshwa, hukafiniwa na kusaliwa kama mtu mzima, na hurithi na kurithiwa. Wa pili, akiwa ametimiza miezi minne, huoshwa, hukafiniwa na kuzikwa, bila sala. Dalili zinazotajwa zaidi vitabuni ni kulia, kupiga chafya na kunyonya, na mtoto wa mfukoni hawezi hata moja kati ya hizo. Lakini wanazuoni huongeza mtikisiko ulio wazi, na huo anao kwa wingi. Tena hadithi mashuhuri kuhusu kupuliziwa roho huhesabu siku arobaini mara tatu, yaani siku 120, ilhali wiki ya 23 ni siku 161. Kwa hesabu hiyo, yeyote atakayetiwa mfukoni kwa kuokolewa ana roho tayari, na ametengana na mama yake akiwa hai. Akifa humo, haki yake ni ya mtoto aliyezaliwa: jina, sala na kaburi. Kumwita mimba iliyoharibika eti kwa sababu hakulia ni kumdhulumu.

Swali la mama ni zito zaidi. Hadi 1978 aliyetoa yai na aliyebeba mimba alikuwa mtu mmoja, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza ni lipi kati ya mambo hayo mawili linalomfanya mwanamke awe mama. Utungaji mimba wa maabara uliyatenganisha. Wanazuoni wengi wa Kisunni walipinga tumbo la kukodi, na baadhi yao walitegemea aya ya sura ya Al-Mujadila inayoeleza kuwa mama ni yule aliyezaa. Nchini Iran wanazuoni wa Kishia wamekubali njia ambazo Wasunni wamezikataa, na wao kwa wao wamejadiliana kama mama ni mwenye yai au mwenye tumbo. Mashine ya pili inafanya jambo ambalo mjadala huo haukulitazamia: hailigawi tumbo kwa mwingine, inaliondoa. Aya inayomtaja aliyezaa inabaki bila mtu wa kumwelekea.

Na msingi wa heshima ya mama katika Uislamu ni mwili uliobeba. Sura ya Luqman na sura ya Al-Ahqaf zinapomwamuru mwanadamu awatendee wema wazazi wake, sababu zinayoitaja kwa mama ni uzito wa mimba, udhaifu juu ya udhaifu, taabu ya kuzaa na miaka ya kunyonyesha. Mtume alipoulizwa ni nani anayestahili zaidi kutendewa wema, alimtaja mama mara tatu ndipo akamtaja baba. Deni la mtoto limeandikwa kwa lugha ya mwili. Sheria ya kunyonya inathibitisha hivyo: kwa Mashafii, mwanamke akimnyonyesha mtoto wa mwenzake mara tano kamili kabla hajatimiza miaka miwili, anakuwa mama yake wa kunyonya, na watoto wa mwanamke huyo ni ndugu wa mtoto huyo, asioweza kuwaoa. Maziwa ya mtu yanajenga udugu. Ya kopo hayajengi. Ikiwa kunyonyeshwa mara tano kunaunda ujamaa wa maisha, miezi tisa ya damu kwa damu inaunda nini?

Neno lenyewe linasema. Rehema kwa Kiswahili imetoka katika mzizi wa Kiarabu uliozaa pia rahim, yaani tumbo la uzazi, na majina ya Mungu, Rahmani na Rahimu. Huruma na tumbo ni ndugu wa neno moja. Ndiyo maana kuunga udugu kwa Kiarabu ni kuunga rahim.

Ukristo nao unaliona tumbo kama mahali pa kujulikana. Nabii Yeremia anaambiwa kwamba alijulikana kabla hajaumbwa tumboni. Mtunga Zaburi anamshukuru Mungu aliyemfuma ndani ya mama yake. Na katika Injili ya Luka, Yohana anaruka tumboni mwa Elizabeti anaposikia salamu ya Mariamu. Kanisa Katoliki halikungoja mashine iwepo. Hati yake Donum Vitae ya mwaka 1987 iliitaja hata dhana ya kutengeneza matumbo ya bandia kwa ajili ya viinitete vya binadamu, ikasema inapingana na hadhi yao.

Sayansi kwa upande wake haikupunguza ushahidi wa dini. Bila kukusudia imeuongezea. Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer walionyesha kwamba watoto wenye siku chache tu tangu wazaliwe walibadili namna ya kunyonya ili wasikie sauti ya mama yao badala ya sauti ya mwanamke mwingine. Walikuwa wameizoea kabla ya kumwona. Mwaka 1996 Diana Bianchi na wenzake waligundua seli za mtoto wa kiume katika damu ya mwanamke aliyemzaa mwanawe miaka 27 nyuma. Mtoto hutoka, na kitu chake hubaki. Mama wa Kiswahili anaposema mwanangu ni damu yangu, husema kweli kuliko anavyodhani, na kinyume chake nacho ni kweli: damu yake ina mwanawe.

Wapo waliotazama upande mwingine kwa dhati, na hoja zao zinastahili kujibiwa. Mwaka 1970 Shulamith Firestone aliandika kwamba mimba ndiyo mzizi wa unyonge wa wanawake, na kwamba teknolojia ingewakomboa. Anayejua idadi ya wanawake wanaopoteza maisha wakizaa hawezi kumcheka. Wapo pia wanawake waliozaliwa bila tumbo la uzazi au waliotolewa tumbo hilo ili kuokoa maisha yao. Na jamii za Afrika zenyewe zinajua kwamba uzazi si mwili peke yake. Miongoni mwa Wakurya wa Mara, mwanamke asiye na mtoto wa kiume huweza kuoa mwanamke mwingine, nyumba ntobhu, na watoto wanaozaliwa huhesabiwa kuwa wa nyumba yake. Mlezi anayemtoa mtoto jalalani akamkuza ni mama, na anayesema vinginevyo hana utu.

Hoja hizo zinathibitisha kwamba mtoto anaweza kupata mama ambaye hakumbeba. Hazithibitishi kwamba anaweza kukosa kubebwa na mtu yeyote. Katika nyumba ntobhu kuna aliyeoa na kuna aliyezaa, na kijiji kizima kinamjua kila mmoja. Aliyeokotwa jalalani alibebwa na mtu, na huenda akamtafuta maisha yake yote. Mwanamke asiye na tumbo ameonyeshwa njia nyingine tangu 2014, mtoto wa kwanza alipozaliwa nchini Sweden kutoka katika tumbo la uzazi lililopandikizwa. Na hatari ya kuzaa inaponywa kwa wakunga, damu ya kutosha na gari la wagonjwa linalofika kwa wakati. Kuwaambia wanawake wasubiri mashine ni kuwacheleweshea kilichopo.

Kiswahili husema mwanamke amejifungua. Kitenzi hicho kina nafsi ndani yake: anayefungwa na anayefungua ni mmoja. Mfuko wa plastiki hufunguliwa, na saa ya kuufungua huamuliwa na aliyeulipia au anayeuendesha. Anayeweza kuufungua mapema, kuchelewa, au kutoufungua kabisa, ana mamlaka juu ya mtoto ambayo hakuna mama aliyewahi kuwa nayo, na hana hata chembe ya uchungu unaoyapa mamlaka ya mama uhalali. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hapa mzazi hayupo. Kwa sababu hiyo mashine ya kumwokoa njiti inastahili kupokewa kwa mikono miwili, nayo mashine ya kuanza na kumaliza bila tumbo inastahili kukatazwa na dini na sheria pia, wakati bado haina wateja wala wenye hisa wa kuitetea.

Masheikh, maaskofu na watunga sheria wa Afrika Mashariki wana muda wa kulijadili hilo kwa utulivu. Njiti hana muda huo. Mwaka 1978, mwaka ule ule wa Louise Brown, daktari Edgar Rey wa Bogotá, Kolombia, alianza kuwafunga watoto njiti kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa kuwa vyumba vya joto havikutosha. Leo wauguzi huita njia hiyo kangaruu. Mtoto huvuliwa akabaki na kofia, soksi na nepi, huwekwa wima kati ya maziwa ya mama, miguu imekunjwa kama chura, kisha khanga hupitishwa mgongoni na kukazwa. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania kwa zaidi ya watoto 3,000 wenye uzito wa kuanzia kilo 1 na usiofika 1.8. Waliofungwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali zao zitulie, walikufa kwa asilimia 12. Waliotenganishwa na mama kwanza walikufa kwa asilimia 15.7. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa sababu haikuwa haki tena kuendelea kumnyima mtoto yeyote kifua cha mama yake.